Nani analipa tiketi ya wale wanaotusemea?

Mwenye amefanya kazi ya shimo hahitaji mutu wa kumuelezea namna deni linafunga kinywa. Vijana wa Kipese wanaacha viazi na poro kwa wamama, wanashika njia ya Butembo, kisha Manguredjipa. Wanafika kule mikono mitupu. PDG wa shimo, ao negosia moja wa muji, anawapa unga, maharagi, mafuta ya motopompi, nyundo, hata dawa ya malaria. Wanachimba mwezi moja, miwili. Siku zahabu inatoka, ule aliyewalisha njo mwenye mizani. Wanaweza kubishana naye juu ya bei, hakuna sheria inayowakataza. Lakini wanabishana wakijua kwamba unga wa kesho uko ndani ya nyumba yake.

Nilikumbuka jambo hilo wakati mzee moja wa Kipese, krezeri wa zamani mwenye sasa analima tu, aliniuliza swali juu ya mukutano wa Belém. Alikuwa amesikia kwenye radio kwamba inchi zote zilikutana kule Brazili mwezi wa kumi na moja 2025 juu ya mabadiliko ya hali ya hewa, na kwamba walitaja miliyari nyingi za dola. Hakuuliza hesabu ya miliyari. Aliuliza nani alisema kwa jina letu, na nani alimulipia tiketi.

Sisi wa gazeti tunapenda hesabu kubwa, hatuulizi tiketi. Basi leo tuulize.

Mikutano hii inaitwa COP. Inatoka kwenye mapatano ya ONU ya mwaka 1992 juu ya hali ya hewa, na kila mwaka inchi zinakutana kwa wiki mbili. Mbele ya COP kuko mukutano mwingine, kila mwezi wa sita, katika muji wa Bonn, Ujerumani, na pale njo kazi ngumu inafanyika: watu wanakaa juu ya maandishi, neno kwa neno, wakipigana juu ya «inapashwa» na «inaweza». Inchi tajiri zinatuma wanasheria, wahesabu wa feza, wataalamu wa misitu, na wakichoka wengine wanaingia pahali pao. Inchi masikini zinatuma watu wachache, na mara nyingi hata hawa wachache hawakulipiwa na inchi yao.

Kuko mufuko moja ndani ya ONU uliowekwa kwa kazi hiyo: kulipa safari za wajumbe wa inchi zenye hazina uwezo. Congo yetu inaingia kwenye listi, sababu iko kati ya inchi 44 ambazo ONU inahesabu kuwa za nyuma zaidi kwa maendeleo. Mufuko unalipa tiketi ya ndege, ya daraja la kawaida, na feza kidogo kwa kila siku, ya kulala na kula. Kwa kawaida ni wajumbe wawili ao watatu kwa inchi wakati wa COP, na kwa Bonn moja ao wawili. Hiyo ni kama feza iko. Mufuko hauna mapato yake. Unangojea inchi zenye roho nzuri zitie kitu, kila moja kwa mapenzi yake. Mwaka ambao hawatii, wajumbe wanabaki nyumbani, ao wanapata jibu kwa kuchelewa, wakati hoteli za bei nafuu zimekwisha kushikwa na viza haiwezi tena kutoka. Na viza ya Ulaya kwa mutu wa Congo ni safari ingine tena. Mutu wa Butembo anapashwa kwanza afike Kinshasa kuiomba, na wote tunajua kwamba kutoka kwetu hakuna barabara ya kufika Kinshasa.

Belém ilionyesha jambo hilo wazi. Muji ule hauna hoteli za kutosha watu maelfu makumi, na bei ilipanda sana, mamia ya dola kwa usiku moja. Mwezi wa saba 2025 bureau ya ONU ya hali ya hewa ilifanya mukutano wa haraka sababu ya malalamiko hayo. Richard Muyungi wa Tanzania, ambaye alikuwa mukubwa wa kundi la wasemaji wa Afrika, alisema wazi kwamba Afrika haikubali kupunguza watu wake juu ya bei ya vyumba. Brazili ilileta meli mbili kubwa za watalii, zikakaa bandarini kama hoteli, na ikatoa vyumba vya bei ya chini kwa inchi masikini, 15 kwa kila inchi. ONU nayo ikapandisha feza ya siku kufika karibu dola 200. Wakati huo wote, kwa miezi, wataalamu wa Afrika wenye wangepashwa kusoma maandishi ya mukutano walikuwa wanatafuta kitanda. Krezeri anaelewa: siku unayotafuta mupira wa motopompi, siku ile hauchimbi.

Sasa mutu atasema: lakini Congo inatumaga watu wengi kwa COP! Ni kweli, na hapa tusidanganyane. Kwa COP27, mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh, Misri, listi ya Congo ilikuwa na majina zaidi ya 400, moja ya listi ndefu kuliko zote duniani. Lakini beji haisemi kitu. Ndani ya listi kama ile kuko wakubwa, wasaidizi wa wakubwa, watu wa mashirika, wafanyabiashara, watu wa picha, na pengine mutu mwenye aliomba tu beji na kujilipia. Kundi la wale wanaoingia ndani ya chumba kidogo saa nne ya usiku, na maandishi mikononi, ni dogo sana. Kwa Kifaransa wanaitwa négociateurs. Wasomaji wasichanganye na negosia wa madini, hata kama kazi inafanana kidogo.

Ninasema saa nne ya usiku kwa sababu. Mafasiri wa ONU wanafanya kazi kwenye mikutano mikubwa ya wazi. Ndani ya vyumba vidogo, pahali maneno ya kweli yanapangwa, watu wanasema Kiingereza tu. Mutu wa Kinshasa mwenye alisoma kwa Kifaransa tangu utoto anapashwa kubishana na mwanasheria wa Uingereza ao wa Australia kwa luga ya ule mwanasheria, juu ya pahali pa kuweka koma. Shirika la inchi zenye kusema Kifaransa linatoa kila mwaka kitabu cha kuwasaidia wajumbe kuelewa mazungumzo, na kinasaidia kweli. Lakini kitabu hakiwezi kunyoosha mukono na kuomba neno.

Halafu mikutano haimalizikagi siku iliyopangwa. Baku, mwaka 2024, ilipashwa kuisha siku ya tano, tarehe 22 mwezi wa kumi na moja. Iliisha usiku wa kuamkia siku ya yenga. Wajumbe wa inchi masikini wenye tiketi isiyobadilishwa walikuwa wamekwisha kuenda. Wale waliobaki, inchi za nyuma zaidi pamoja na visiwa vidogo, walitoka ndani ya chumba kwa hasira siku ya posho, sababu maandishi yalikuwa yameandikwa bila kuwasikiliza. Inchi masikini zote ziliomba miliyari 1,300 za dola kwa mwaka; kundi letu la inchi za nyuma lilitaka angalau miliyari 220 ndani yake ziwe zake. Walipata ahadi ya miliyari 300 kwa mwaka, kwa inchi zote zenye kuendelea, kufikia mwaka 2035, na hakuna sehemu iliyoandikwa kuwa yetu.

Je, watu wengi zaidi wangebadilisha hiyo? Sitasema ndiyo kwa haraka. Wenye feza wanajua kukataa hata kama mbele yao kuko jeshi la wataalamu. Lakini kuna mifano inayoonyesha kwamba mutu aliyekaa muda mrefu ndani ya kazi anapata uzito. Mukongomani Tosi Mpanu Mpanu aliongoza wasemaji wa Afrika mwaka 2010 na 2011, akaongoza kundi la inchi za nyuma mwaka 2016, na kwa COP26 ya Glasgow na COP27 njo alikuwa kiongozi wa moja ya kamati mbili kubwa za kudumu za mapatano. Hakufika pale kwa beji ya siku moja. Ni miaka ya kurudi kila Bonn, kujua kila mutu na kila aya. Feza inayokuja leo na kukosa kesho haizai watu wa aina ile. Mwaka huu wanatuma moja, mwaka kesho wanatuma mwingine sababu waziri amebadilika, na kila mara kazi inaanza kwa alifabeti.

Tuje kwa jambo la wachimbaji. Kule Belém, kati ya maandishi yaliyozungumzwa, kulikuwa ile ya «mabadiliko ya haki»: namna dunia itaacha makaa ya mawe na petroli bila kuwatupa wafanyakazi. Rasimu moja ilitaja madini yenye kuhitajiwa kwa betri na umeme, na hatari zake kwa watu na kwa mazingira pahali yanachimbwa. Kwenye COP jambo hilo halikuzoea hata kutajwa. Congo peke yake inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Kama kuna inchi yenye ilipashwa kulinda sentensi ile kwa meno, ni yetu. Maandishi ya mwisho yalitoka bila ile sentensi. Kwa wale waliofuata mazungumzo, China ilikuwa mbele kati ya wenye kuipinga.

Niseme ukweli kwa wasomaji wa Lubero: zahabu ya Manguredjipa haiingii kwenye hesabu ya madini ya betri. Koltani na wolframu za Kivu nazo ziko kwenye mapipa mengine: simu, viwanda, silaha. Mutu asiwadanganye kwamba sentensi moja ya Belém ingepandisha bei ya gramu yenu. Lakini njia ambayo dunia inaamua nani ni muchimbaji wa haki na nani ni «mwizi wa porini» inafunguliwa sasa, na haitafunguliwa kwa kobalti peke yake. Mwaka 2024 katibu mukuu wa ONU aliweka kamati juu ya madini hayo, na ripoti yake ya mwezi wa tisa iliomba hata mupango wa kuwasaidia wachimbaji wa mikono wapate haki na usalama. Ripoti ni maoni. Ili ikuwe sheria, mutu anapashwa kuibeba ndani ya vyumba vile, mwaka hata mwaka.

Na kuko mvua. Juu ya mvua hatuhitaji ripoti. Tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, kule Kamituga, maji yaliingia ndani ya mashimo ya zahabu, na watu 50 hivi walikufa. Mwezi wa tano 2023, Kalehe, mito iliteremuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, ikabeba watu zaidi ya 400, nyumba na soko. Krezeri hawezi tena kutegemea kalenda ya mababu kujua mwezi gani shimo linakauka. Mama wa Kipese naye hajui tena tarehe ya kupanda viazi.

Juu ya mambo kama hayo njo kulifanyika mufuko wa hasara na uharibifu. Inchi masikini ziliudai kwa miaka makumi tatu, ukakubaliwa Misri 2022, ukaanza Dubai 2023. Ahadi zote pamoja hazifiki miliyari moja ya dola, ni kidogo sana. Lakini Belém mufuko ulifungua mlango wa kwanza: dola milioni 250, kwa miradi ya milioni 5 hadi 20, na angalau nusu imewekwa kwa inchi za nyuma zaidi na visiwa vidogo. Ili kupata, serikali inapashwa kuandika dosie nzuri na kuituma. Hapa ninaona jambo lenye linaunganisha yote: wale wanaojua kuandika dosie ile ni wale wale waliokaa ndani ya vyumba vya mazungumzo, sababu wanajua neno gani linafungua sanduku. Inchi yenye haikuwatunza wajumbe wake inapoteza mara mbili.

Turudie swali la mzee. Nani analipa? Jibu ni: kwa sehemu kubwa, wale tunaobishana nao. Inchi za Ulaya njo zinatia mufuko wa ONU. Mashirika ya Uingereza, kama IIED ya London, yanasaidia kundi la inchi za nyuma kwa wanasheria na mafunzo. Kuko mupango wa Ulaya wa kufundisha wasemaji, ulioanza mwaka 2005. Kwa Afrika kuko AGNES, yenye makao Nairobi, ya wataalamu Waafrika, lakini hata yenyewe inaishi kwa wafazili.

Je, hii ni negosia mwenye mizani? Kwa maoni yangu, si sawasawa. Kama feza inapitia mufuko wa pamoja wa ONU, hakuna mutu anayesimama nyuma ya mujumbe na kumuambia sema hivi. Mufuko wa pamoja ni kama likelemba: ukipokea zamu yako haupigii mutu magoti. Hatari ni kubwa zaidi wakati inchi moja inamulipia mujumbe moja moja kwa moja, ao kampuni inalipa beji na hoteli. Dubai kulikuwa watu zaidi ya 2,400 wa petroli, gazi na makaa ya mawe, Baku zaidi ya 1,700. Hao hawakutafuta kitanda.

Na hatari ya tatu ni kwamba mufazili anaamka siku moja na kuondoka. Mwezi wa kwanza 2026 Marekani ilitangaza kwamba inatoka hata ndani ya mapatano yenyewe ya 1992, wakati ilikuwa inapashwa kulipa karibu asilimia 22 ya bajeti ya ofisi yake. Sisi wa Kivu tuliona mwaka 2025 namna misaada ya Marekani ilisimama kwa wiki chache, na mahospitali yakabaki bila dawa. Mutu asifikiri kwamba tiketi za wajumbe zitalindwa kuliko dawa.

Lakini Congo isijifiche nyuma ya umasikini. Inchi yenye kujiita «pays-solution», yenye ilipokea dunia Kinshasa kwa mukutano wa kutayarisha COP27 mwezi wa kumi 2022, haiwezi kukosa feza ya wataalamu kumi na tano wa kudumu. Tatizo lingine ni kwamba kinywa chetu kinasema mambo mawili. Mwezi wa kumi na moja 2021, Glasgow, Congo ilisaini mapatano ya dola milioni 500 kulinda misitu. Mwezi wa saba 2022, serikali ile ile ikatangaza kuuzisha vipande 27 vya petroli na 3 vya gazi, na vingine vilikuwa vinagusa Virunga. Uuzaji wa vipande vile vya petroli ulifutwa mwaka 2024. Mujumbe mwenye alikuwa anabishana Bonn katikati ya zile tarehe mbili alijibu nini wakati walimuuliza? Hata tiketi ya daraja la kwanza haingemusaidia.

Vilevile na Couloir vert, mupango wa karibu kilometa za mraba 540,000 toka Kivu hadi Kinshasa, ambao raisi aliupeleka Davos mwezi wa kwanza 2025. Kichwa chake cha mashariki kiko kwetu, upande wa Virunga. Wakrezeri wa Lubero na Beni wana haki ya kujua kazi yao itapata nafasi gani ndani yake, na wangapashwa kuulizwa mbele ya Davos. Najua, watu wa Lubero ya kusini wamekimbia vita, Manguredjipa na Ntoyo zimelia wafu wao, na kumuambia mukimbizi habari ya COP ni kama kumuuliza rangi ya viatu vyake. Lakini ndani ya vyumba vile wanapanga mambo ya msitu na ya madini hata wakati sisi tunakimbia.

Kwa hiyo, mambo ambayo wabunge wetu wa Butembo, Beni na Lubero wanaweza kuuliza Kinshasa ni ya kawaida kabisa. Majina ya wajumbe wa mazungumzo yatangazwe mbele ya kila mukutano, na pembeni ya kila jina iandikwe nani analipa. Kundi dogo la kudumu lilipwe kwa bajeti ya inchi, hata kama mufuko wa ONU unaongeza, na lisibadilike kila mara waziri anabadilika. Ndani ya kundi lile kukuwe mutu mwenye anajua mashimo, pengine kutoka kwa kooperative za wachimbaji, na akirudi afike kutoa ripoti, si Kinshasa tu. Na dosie ya mufuko wa hasara: iko wapi, nani anaiandika, Kivu ya Kaskazini iko ndani?

Mukutano wa mwezi wa sita utakuwa Bonn kama kawaida, kisha COP31 Antalya, Uturuki. COP32, mwaka 2027, imepewa Addis Ababa. Addis si mbali. Mutu wa Kipese anaweza kufika Butembo, avuke Kasindi, achukue bisi mupaka Kampala, na Entebbe kuko ndege ya kwenda kule. Bei yake si bei ya Belém. Nilimurudilia mzee na kumuelezea haya yote. Alihesabu kidogo kwa vidole, kisha akauliza kama listi ya 2027 imekwisha kufungwa.